Barabara safi wanaimwagia kokoto, mbovu wameiacha. Hii akili gani?

Dereva wa Bondeni

Waungwana, hamjambo. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, naendesha lori langu mwenyewe hapa California mwaka wa sita sasa. Mizigo yangu mingi ni nyanya na lozi, kutoka bonde la kati kwenda bandari ya Oakland.

Kuna barabara mbili za jimbo ninazopita kila wiki. Ya kwanza ni safi, chai inakaa kwenye dashibodi bila kumwagika. Ya pili imepasukapasuka mpaka lori linalia kama mlango wa zamani. Wiki iliyopita nafika kwenye ile safi, nakuta foleni, gari la kutuongoza mbele, mwendo maili 25 kwa saa, na watu wanamwaga kokoto juu ya lami isiyo na kasoro! Kesho yake narudi, pikapu ikanipita kwa kasi, jiwe likaruka, kioo changu kikapata tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Na ile mbovu je? Viraka viwili, basi.

Mimi kodi ya dizeli nalipa. Ninyi mnaojua mambo ya barabara, nielezeni. Na asije mtu hapa na "usipoziba ufa utajenga ukuta", hiyo nilifundishwa darasa la pili. Nataka hesabu.

Binti Ngamiani

Pole na kioo. Ngoja Mzee wa Pangani aamke, hili ni lake kabisa. Mwaka jana alitusimulia mitaro mpaka tukasinzia 😄

Mzee wa Pangani

Nimeamka, Binti, na nimekusikia.

Mwanangu Dereva, nimefanya matengenezo ya barabara hapa hapa California miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakanistaafisha. Ofisi siitaji, pensheni yao ndiyo inayonilisha.

Ile uliyoiona si barabara mpya juu ya barabara. Gari la mbele linanyunyiza lami iliyochanganywa na maji. Ikitoka bombani ina rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Kokoto lazima zitue ikiwa bado kahawia. Ikishageuka nyeusi, maji yameachana na lami, na kokoto utakayomwaga hapo haitashika. Nyuma yake linapita rola la matairi, halafu mashine ya kufagia zilizozidi. Ule mwendo wa maili 25 ni kwa ajili ya zile ambazo bado hazijashika. Kwa hiyo kioo chako mdai yule wa pikapu.

Unene wa kazi yote hiyo ni kama sentimita moja, na haiongezi nguvu ya barabara. Inazuia vitu viwili tu, jua lisiikaushe lami na maji yasipenye. Watu wanadhani lami inauawa na magari peke yake. Jua linaanza kabla yao. Lami inakakamaa, inapata nyufa nyembamba kama unywele, maji ya mvua yanazama humo, tabaka la chini linalainika, halafu unakuja wewe na pauni zako 80,000. Usikasirike. Marekani walilipima jambo hili mwaka 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa, Illinois. Walijenga barabara za duara, wakazungusha malori juu yake mchana na usiku kwa miaka miwili. Waliyoyapata ndiyo tunayotumia mpaka leo: ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unaongezeka karibu mara kumi na sita. Ukilinganisha ekseli ya lori lako na ya gari la mke wangu, tofauti ni ya maelfu.

Baba yangu alikuwa na mashua pale Pangani. Kila mwaka aliipandisha mchangani, akaikwangua, akaikalafati, akaipaka sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima ukanuka. Watu walimcheka, mashua haivuji, Mzee, unahangaikia nini? Naye akiwajibu: ikishavuja, sifa haisaidii tena, hapo ni mbao.

Ile barabara yako ya pili imeshafika kwenye mbao. Nyufa zake zimekuwa kama magamba ya mgongo wa mamba, maana yake tabaka la chini limeshaoza. Ukiimwagia kokoto, mvua za msimu mmoja tu nyufa zinatokeza juu na pesa imepotea. Ile inatakiwa kukwanguliwa, pengine kufukuliwa, na gharama ya kufukua maili moja ungeweza kupaka maili nyingi za ile safi. Sasa ukianza na mbovu, pesa zinaishia hapo, na wakati unaijenga hiyo moja, zile safi zinaingia kwenye foleni ya kuoza. Mwaka wa kumi una barabara moja mpya na mbovu nyingi kuliko ulivyoanza.

Hesabu ya kodi ndiyo hii. Sheria ya jimbo ya kodi za barabara, inaitwa SB 1, ilitiwa saini na Gavana Jerry Brown Aprili 2017. Kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo, kodi ya dizeli ya jimbo ilitoka senti 16 kwa galoni ikawa senti 36, na tangu 2020 inapandishwa kila Julai kufuata bei za vitu. Mwaka 2018 wapiga kura waliulizwa kama wanataka kuifuta, wakakataa. Sheria yenyewe iliweka malengo: ifikapo mwisho wa 2027, asilimia 98 ya lami ya barabara kuu za jimbo iwe nzuri au ya wastani, makaravati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, asilimia 90 vivyo hivyo, na madaraja 500 zaidi yawe yametengenezwa.

Mkulima wa Fresno

Mzee, heshima yako, lakini "nzuri au ya wastani" ni maneno ya ofisini. Wastani wa nani? Mimi naishi kwenye moja ya hizo barabara za magamba ya mamba. Kodi ninayolipa ni ile ile anayolipa mwenye barabara safi, na kila mwaka naambiwa nisubiri kwa sababu yangu imeshaoza. Mgonjwa mahututi anaambiwa apishe wenye mafua! Hesabu yenu inaweza kuwa sahihi na bado ikawa dhuluma.

Mzee wa Pangani

Hapo umenishika, ndugu yangu, sitabishana sana. Wataalamu wanaofanya kazi vizuri hugawa fungu: kubwa la kulinda zilizo nzima, na jingine la kujenga upya zilizokufa, zikianza zenye watu wengi na za kupitia hospitali. Lile la pili likiliwa na la kwanza kila mwaka, hiyo ni dhuluma kweli. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ambayo jina la barabara fulani lilisogezwa mwaka wa mbele mara nne. Waliokuwa wanaisogeza hakuna hata mmoja aliyekuwa anaipita.

Dereva wa Bondeni

Shikamoo Mzee. Nimekusoma mara mbili. Sasa nina jingine. Kioo nilikipeleka kwa fundi, akadunga gundi ndani ya tundu, akakimulika kwa taa, hata ukitafuta huoni. Nilimwambia abadilishe kioo kizima, akacheka.

Halafu juzi usiku nikakuta njia moja ya daraja imefungwa, watu wamevaa barakoa, wanamwaga kitu chenye harufu kali kama rangi ya kucha, wanatupia mchanga juu. Daraja lenyewe sikuliona na shida. Au na hilo ni sifa ya papa?

Mzee wa Pangani

Marahaba. Na fundi wako wa kioo kakujibu kabla yangu.

Kile kinachonuka kinaitwa metakrilati. Ni gundi nyepesi kama maji. Ukiimwaga juu ya zege inatafuta nyufa yenyewe, inazama kwa uzito wake, inagandia humo. Mchanga ni wa kuzuia matairi yasiteleze. Ndani ya zege kuna nondo, na kule milimani, kwenye I-80 ya kuelekea Donner, wanamwaga chumvi wakati wa theluji. Maji ya chumvi yakiifikia nondo, inashika kutu, kutu inavimba, zege linabanduka kama ganda la yai. Sehemu nyingine ya kuangalia ni maungio, ile mistari ya mpira unayoisikia "du-dum" ukiingia na kutoka darajani. Mpira ukichanika, maji yote ya juu yanateremkia kwenye ncha za mihimili na viti inavyokalia. Kubadilisha mpira ni kazi ya usiku mmoja au miwili. Kuinua daraja kwa jeki ubadilishe viti vyake, hiyo usiniulize.

Lakini madaraja yana bahati, yana sheria. Mwaka 1967 daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio lilianguka jioni ya foleni, wakafa watu 46. Baada ya hapo ikawekwa kanuni ya taifa zima kwamba daraja lenye urefu wa zaidi ya futi 20 likaguliwe, kwa kawaida kila miezi 24. Karavati la futi tatu halimo humo. Linakaa gizani, anayelijua ni panya na nyoka.

Nitawaambia langu. Kulikuwa na bomba la bati la mawimbi, kipenyo inchi 24, chini ya barabara ya mlimani, la miaka ya sitini. Bega la barabara likabonyea kidogo. Nikaenda na vijana, tukaweka kiraka cha lami, tukasaini karatasi. Baada ya miezi likabonyea tena, kiraka. Msimu uliofuata, kiraka cha tatu. Mara zote tatu sikushuka bondeni nikainama na tochi. Siku hiyo hiyo ya kwanza ningeshuka ningeona kwamba sakafu ya bomba imeliwa na mchanga na kutu, maji yanapita chini ya bomba badala ya ndani, na udongo wa barabara unatoka nayo kidogo kidogo. Mvua kubwa ya msimu wa tatu ikachukua bega zima. Kingo za chuma zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Karatasi zote tatu zina sahihi yangu.

Bomba kama lile likiwahiwa halichimbuliwi. Unamwaga zege kwenye sakafu yake iliyolika, au unasukuma bomba jembamba la plastiki ndani ya lile la zamani na kujaza zege laini katikati, magari yanapita juu hayajui kitu. Tangu siku ile nilikuwa nakwenda na tochi, fimbo ya nyoka, na glavu kwa ajili ya buibui weusi.

Januari 2021 barabara nambari 1 ya pwani ilikatika pale Rat Creek, Big Sur. Moto wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeunguza miti ya mlimani, mvua ikashusha matope na magogo, karavati likaziba, maji yakapanda juu ya lami na kuikata kama futi 150, njia zote mbili. Ilifunguliwa tena Aprili, na karavati kubwa zaidi.

Kibarua wa Korogwe

Mzee wa Pangani, salamu kutoka nyumbani. Mimi nina kikundi cha kusafisha mitaro, tumepewa makaravati tisa kabla ya masika. Yamejaa mchanga na chupa za plastiki mpaka juu. Vijana wanaanza kuchimba upande wa mlima, maji yanajaa tena usiku. Tunakosea wapi?

Mzee wa Pangani

Mnaanzia mbele. Anzeni upande wa chini, maji yanakotokea. Fungueni kwanza mfereji wa kutokea, mita kumi au zaidi, mpaka maji yapate pa kwenda, halafu mwingie kwenye bomba mkielekea juu. Mchanga wenu muutupe mbali, si ukingoni, maana mvua ya kwanza itawarudishia. Na mkishamaliza, mtu mmoja mwembamba aangalie ndani kwa tochi, aniambie sakafu ya bomba ikoje na maungio yameachana au la.

Dereva wa Bondeni

Leo nimesimama pale kwenye ile safi kuangalia gurudumu, nikakumbuka, nikashuka nikainama. Kuna bomba. Sakafu yake imeshika kutu nyekundu, tundu moja kidole changu kinapita. Juu yake kokoto mpya kabisa. Nampigia nani, Mzee?

Mzee wa Pangani

Nenda mpaka kwenye kibao kidogo cheupe chenye namba pembeni ya barabara, ndicho cha maili. Kipige picha, piga na bomba pande zote mbili, kisha watumie ofisi ya jimbo kupitia fomu yao ya matengenezo kwenye intaneti. Andika "karavati", usiandike "shimo". Ukiandika shimo watakuja na kiraka.