Tupeane uzoefu: chai ya asubuhi bila maandazi wala mkate, na nyumba nzima wanachagua chakula. Mnafanyaje?

MamaKimara
Wakuu habari za jumapili. Naombeni tupeane uzoefu maana mimi nimefika mahali naamka saa kumi na moja alfajiri nakaa jikoni naangalia sufuria tu. Mwezi wa pili mume wangu alipima sukari asubuhi kabla hajala kitu ikaja 8.9, akarudia siku nyingine 9.2, akaanzishiwa dawa na akaambiwa apunguze wanga hasa asubuhi, ale mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta mengi, na mboga za majani. Kusema ni rahisi. Kwetu chai bila kitafunwa siyo chai, mtu ataamka mezani atakwambia hajala.

Sasa walaji wangu ni hawa: mume, ambaye bila kutafuna kitu cha ngano anaona kama amenyanyaswa. Mkubwa ana miaka 11, hataki hata kusikia harufu ya samaki. Wa pili ana miaka 6, anakula ule weupe wa yai tu, kiini anakificha, juzi nafagia nimekikuta nyuma ya kochi kimekauka kama jiwe. Na mama mkwe meno yamebaki machache, nyama ngumu haiwezi. Siwezi kupika chai nne tofauti na saa kumi na mbili na nusu niwe kituoni.

Kilichonifanya niandike ni cha leo. Nimempa baba watoto mayai mawili ya kuchemsha na nusu parachichi, akala kimya, akashukuru vizuri tu. Baada ya kidogo nachungulia dirishani namwona yuko pale kona kwa mama wa maandazi anafungiwa manne kwenye gazeti. Sikumwambia kitu ila roho imeniuma jamani, maana baba yake mzazi alikatwa mguu kwa sukari hii hii na yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza.

Mzee wa Supu
Pole sana shem. Dawa ya hapo ni supu, wala usihangaike. Supu ya kuku wa kienyeji au ya ng'ombe, ndimu, pilipili kidogo, kachumbari pembeni. Unachemsha usiku, asubuhi unapasha. Mimi tangu 2019 mkate sijaugusa asubuhi na kazi yangu ni ya kubeba mizigo. Mama mkwe nyama yake unaichambua, au unamchemshia makongoro mpaka yaachie mfupa, hayahitaji meno.

dereva_usiku
Supu bila chapati mbili hiyo ni maji ya moto mkuu.

Mzee wa Supu
Ndo maana nasema zoea kwanza wiki mbili halafu urudi uongee. Wewe hujajaribu hata siku moja.

binti_mwanza
Hapo kwenye kiini nyuma ya kochi umenikumbusha mdogo wangu wa mwisho, alikuwa anakitupa kwa kuku dirishani. Dada, sikiliza, tatizo siyo mtoto, unachemsha mayai muda mrefu. Yai likikaa sana jikoni kiini kinakuwa kikavu, kinapata ule mzunguko wa kijani pembeni na harufu yake inabadilika, hata mimi mtu mzima silili. Maji yakishachemka hesabu dakika tisa au kumi hivi, toa, tumbukiza kwenye maji baridi palepale. Kiini kitatoka cha njano, laini lakini kimeiva. Kingine, kiponde hicho kiini na parachichi na chumvi kidogo halafu ukirudishe kwenye ule weupe uliokatwa nusu. Mdogo wangu alikuwa anaviita mitumbwi, akawa anakula minne.

MamaKimara
Mimi naweka sufuria naenda kuwaogesha, nusu saa nzima linachemka 😢 Kesho nahesabu.

Nyangoma
Mie niko Kampala, huku asubuhi watu wanakula rolex, ni mayai yanakaangwa na nyanya na kabichi halafu yanazungushiwa ndani ya chapati. Mume wangu naye aliambiwa aache ngano basi nikaigeuza: yai ndo likawa chapati. Piga mayai matatu mpaka yalegee, katia mchicha uliokatwa mwembamba kabisa, kitunguu, mwaga kwenye kikaango kipana liwe jembamba, moto mdogo, usiligeuze haraka litakatika. Likishika, weka ndani nyama ya kusaga ya jana au kuku aliyechambuliwa, likunje kama chapati lifunge na karatasi. Mtu anashika mkononi anatafuna. Kwa wanaume wa kitafunwa hiyo ya kushika mkononi ni muhimu kuliko unavyofikiri.

dereva_usiku
Hii sasa naweza.

Fundi wa Likoni
Huku pwani ya Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na nilipoambiwa nipunguze nikaacha mahamri nikabaki na mbaazi zangu. Bakuli moja, protini ya kutosha na bei ni ya kawaida. Mpikieni mbaazi ama maharagwe huyo mzee, hamna haja ya kuua kuku kila siku.

KakaLishe
Hapana ndugu yangu, hapo tuwe makini. Maharage yana protini ndiyo, lakini kikombe kimoja kilichopikwa kina protini kama gramu 15 na wanga kama gramu 40. Mbaazi haziko mbali na hapo. Huwezi kuyaweka kundi moja na mayai. Yai moja lina protini gramu 6 hivi na wanga karibu hakuna.

Fundi wa Likoni
Wewe wataka kutuambia maharagwe ni sawa na mkate? Wazee wetu wamekula mbaazi miaka yote.

KakaLishe
Sijasema ni sawa na mkate. Yana nyuzinyuzi nyingi kwa hiyo sukari inapanda polepole, na mgonjwa wa sukari anaweza kuyala. Nasema tu apime kiasi, vijiko vitatu vinne pembeni ya yai, siyo bakuli lililojaa na tui zito halafu aseme ameacha wanga.

Fundi wa Likoni
Basi ungesema hivyo tangu mwanzo kaka. Mwaka mzima nimekula bakuli na sukari yangu imeshuka.

Mzee wa Supu
Supu haina mabishano yote haya.

Shangazi Moro
Naomba mnisikilize wote kabla hamjaendelea na hayo mapishi maana nimesoma huu uzi mikono inanitetemeka.

Baba yangu ana sukari miaka kumi na mbili sasa. Alikuwa anatumia glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Mwaka jana mimi ndiye niliyemwambia baba tuache ugali, tuache mkate, tuache uji, nikamwekea utaratibu mzuri, asubuhi mayai mawili na mchicha basi, chai ya rangi haina sukari. Nilijiona nimemsaidia mzazi. Dawa akaendelea kumeza vilevile, hakuna aliyefikiria dawa.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, nimekaa naye barazani nachambua mchele, nikamwona shati limelowa mgongoni na siku ilikuwa ya baridi tu ya mwezi wa sita. Nikamuuliza baba unaumwa, akanijibu anamwita shangazi yangu aliyefariki zamani. Mikono inatetemeka, kikombe kikamdondoka. Mimi nikajua malaria imempanda kichwani. Kaka yangu akaanza kutafuta bajaji. Aliyetuokoa ni jirani, mama mmoja ana kipimo chake cha sukari nyumbani, akaja na kanga moja kifuani hata viatu hajavaa, akamtoboa kidole. 2.3. Sukari ilikuwa imeshuka, haikuwa imepanda. Yule mama akapiga kelele leteni soda, soda ya kawaida yenye sukari, tukampa nusu glasi taratibu kwa kuwa alikuwa bado anameza. Tukasubiri dakika kumi na tano, 3.1. Tukampa tena. Ilipofika 4.8 akaniangalia akasema mbona mmenizunguka.

Tukampa ndizi mbili na uji, na bado tukampeleka hospitali, na daktari alisema tumefanya vizuri kumpeleka maana dawa ile inakaa mwilini muda mrefu, ingeweza kumshusha tena jioni ile ile au usiku amelala. Wakampunguzia dozi, baadaye wakambadilishia kabisa. Leo anakula mayai na dagaa zake vizuri na ana nguvu. Lakini naapa, ningekuwa sokoni siku ile, nisingekuwa na baba.

MamaKimara mdogo wangu, mume wako anameza dawa gani?

binti_mwanza
Mungu wangu.

dereva_usiku
Nimesoma mara mbili. Mama yangu yuko Dodoma na yeye anachoma insulini na mimi ndo nilikuwa nataka nimtumie huu uzi usiku huu. Nampigia kwanza.

KakaLishe
Shangazi umefanya vizuri sana kuleta hili. Anayetumia insulini au dawa za kundi la glibenklamidi asikate wanga ghafla bila kuongea na anayemtibu, dozi lazima iangaliwe. Metformini, ambayo nayo ni dawa ya sukari, ikiwa peke yake kwa kawaida haishushi hivyo. Na aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, itampalia, akimbizwe hospitali.

Mzee wa Supu
Pole sana dada Moro. Mshukuru yule jirani.

Shangazi Moro
Sikukuu hatujawahi kula bila kumpelekea sahani yake kwanza.

MamaKimara
Nimeenda kuangalia mfuko wa dawa saa hii hii na tochi ya simu. Ni metformini tu. Nimekaa chini kwanza. Kliniki yake ni alhamisi, nitaenda naye, nitamweleza daktari kila kitu tunachobadilisha. Asante dada yangu, asante sana.

Mama Pacha
Niongezee la watoto. Usiwakatie wanga watoto kama baba yao, wanakua na wanacheza kutwa. Waache na kipande cha kiazi kitamu au ndizi au chungwa, ila maandazi ya kila siku na chai yenye vijiko vinne vya sukari ndo uvipunguze. Mayai na maziwa wale na baba yao.

Kijana wa Tegeta
Mi naona kila mtu ale kilekile. Ukishaanza huyu kiazi huyu yai ndo wanazidi kuchagua.

Mama Pacha
Una watoto wangapi?

Kijana wa Tegeta
Sina bado, lakini tumelelewa hivyo saba.

Mama Pacha
Sawa mdogo wangu, ukipata njoo tuongee. Dada Kimara, kwa wasiopenda harufu jaribu kababu. Jioni chukua nyama ya kusaga nusu kilo, kitunguu swaumu, tangawizi, giligilani, karoti iliyokwaruzwa, yai moja la kushikisha, usitie mkate wala unga. Finyanga ndogondogo, panga kwenye kontena, weka friji. Asubuhi unakaanga na mafuta kidogo dakika chache tu. Hata bibi asiye na meno anakula. Nyama ikiwa ghali changanya na dagaa waliosagwa unga, kijiko kimoja tu, mwenye miaka 11 hatajua.

binti_mwanza
Na siku ambayo hela hakuna, mtindi usio na sukari na karanga za kukaanga mkono mmoja. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe, usizionee huruma.

Mzee wa Supu
Au supu ya mifupa. Mifupa ni rahisi kuliko hayo yote.

MamaKimara
Narudi na mrejesho, wiki moja na siku mbili. Daktari amesema tuendelee, dawa inabaki, tupime asubuhi na tuandike. Leo imekuja 7.4.

Jumatatu mitumbwi ya mayai, wa miaka 6 kala miwili na kiini chake, nilisimama mlangoni nahesabu. Jumanne ile ya Nyangoma, ya kwanza ilikatika vipandevipande, ya pili ikakubali, nikaifunga kwenye karatasi. Baba watoto kaichukua hivyohivyo kaondoka nayo, jioni kauliza kama kesho ipo tena. Kababu ndo zimeshinda zote, mama mkwe ameomba za jioni. Supu tumekunywa jumamosi Mzee wangu, bila chapati.

Na ya maandazi nimemwambia nilimwona. Hakukasirika. Kakaa kimya muda mrefu halafu akasema anapoamka jambo la kwanza analoliwaza ni mguu wa baba yake, na pale kona anaenda bila hata kuwa na njaa. Tukakubaliana jumapili ale andazi moja, nyumbani, mezani, mbele yangu.

Swali moja limebaki: dagaa wa Mwanza mchanga unautoaje? Nimeosha mara tatu na bado unakwaruza meno.

binti_mwanza
Wengi wanaanikwa chini kwenye mchanga ndo maana. Usianze na maji. Toa vichwa na matumbo wakiwa wakavu, wapepete kwenye ungo kama mchele, halafu wakaange kikavu bila mafuta dakika mbili tatu huku unatikisa, mchanga unabaki chini ya kikaango. Ndo uoshe sasa, maji ya moto kwanza halafu baridi, na uwatoe kwa mkono kutoka juu, usimwage maji pamoja nao.

MamaKimara
Kumbe nilikuwa namwaga. Wameshatoka vichwa hapa, naweka kikaango.