Kwa nini Serikali hununua mchele ghali kuliko mama lishe?

Mzee wa Leja

Wakuu, kila mwaka ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitua bungeni kuna hoja haikosekani: taasisi fulani imenunua vitu kwa bei iliyozidi ya soko. Mitandaoni tunachemka siku tatu, tunawaita wazabuni wezi, tunasahau. Hayati Magufuli aliipigia kelele sana hiyo, na mwaka 2016 Sheria ya Ununuzi ya 2011 ikarekebishwa. Mwaka 2023 ikaandikwa nyingine mpya kabisa, na mfumo wa zabuni mtandaoni wa NeST ukachukua nafasi ya ule wa TANePS. Sheria zimebadilika, mfumo umebadilika, lakini hoja bado ipo palepale.

Nimekaa na vitabu vya hesabu miaka mingi na msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya hiyo bei ya juu si wizi. Ni gharama ya kungoja malipo, na mzabuni hana pengine pa kuiweka ila kwenye bei ya kilo.

Tuchukue mfano wa kubuni, namba za kufanyia hesabu tu. Mzabuni mdogo ananunua mchele kilo 1,000 kwa shilingi 2,200 kilo, hiyo ni 2,200,000. Usafiri na wabeba mizigo 100,000. Mtaji wote ni 2,300,000, wa kukopa, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Anataka faida ya 150,000, ambayo si ya kumchekesha mtu. Akimuuzia mama lishe anayelipa papo hapo, bei ni 2,450 kwa kilo na mambo yameisha.

Sasa auzie shule ya bweni. Riba ni 69,000 kila mwezi. Ikilipa baada ya mwezi mmoja, anahitaji 2,519,000, sawa na kama 2,520 kwa kilo. Ikilipa baada ya miezi sita, riba ni 414,000 na bei inafika 2,864 kwa kilo. Bado sijagusa kodi ya zuio ya asilimia 2 inayokatwa Serikali inapomlipa. Ataipunguza kwenye kodi yake ya mwaka, ni kweli, lakini kwa sasa ni hela isiyozunguka.

Mkaguzi akija anakuta 2,864 kwenye ankara na 2,450 sokoni, anaandika hoja. Ile miezi sita hakuna anayeiandika mbele ya bei. Ndiyo nauliza: tunalinganisha bei ya taslimu na bei ya mkopo, halafu tunaita tofauti yake ubadhirifu?

MamaWaMchele

Mzee wangu shikamoo. Umesema kweli ila umeisema kisomi mno. Sisi hatupigi riba mwezi kwa mwezi kama ulivyofanya hapo. Mimi nina bei mbili kichwani, ya mtaani na ya shule. Ya shule naitaja tu, najua hainiumizi.

Kwanza kabisa siulizi wanataka kilo ngapi. Nauliza mwalimu mkuu ni nani, na aliyetangulia alilipwa lini. Kuna shule, siitaji, mkuu wake akiwa na fedha kwenye akaunti ananipigia siku hiyohiyo, nampa bei ya mtaani na napakia mwenyewe. Kuna nyingine nimepeleka maharage watoto wakiwa kidato cha kwanza, na malipo ya mwisho nimeyaona wakiwa wanajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Hiyo hata wakinipa bei ya dhahabu siendi tena bila nusu mkononi.

Jicho Kavu

Naomba niwe mchafuzi wa hali ya hewa. Hii habari ya "gharama ya kungoja" ni shuka la kufunikia mambo mengi. Mnaongelea riba, mbona hamwongelei asilimia kumi ya mkubwa? Mzabuni anaongeza ya riba, anaongeza ya bosi, anaongeza ya kwake, halafu mkaguzi akihoji anasema "Serikali inachelewa kulipa". Nani atazitenganisha?

Na Mzee, hesabu yako imejaa huruma. Kama kweli bei inapanda kwa sababu ya kungoja tu, basi wazabuni wenye mitaji yao, wasiokopa, wangeshusha bei na kuchukua tenda zote. Mbona hawashushi? Kwa sababu wanajua bei ya Serikali ni ipi, na wote wanasogea hapohapo.

Chuma na Saruji

Jicho Kavu ana hoja, na mimi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mnakumbuka madarasa ya UVIKO-19? Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, madarasa 15,000 nchi nzima, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, milioni 20 kila darasa. Ile fedha ilishuka moja kwa moja akaunti za shule, kamati zikaja na hela dukani. Hakuna kungoja. Kwa nadharia ya Mzee, bei ingeshuka.

Dukani kwangu ilipanda. Wilaya nzima inataka nondo na saruji wiki moja, wote wana tarehe ileile ya kukabidhi. Gari likifika halishushwi stoo, mifuko inaishia barabarani. Nani anauza bei ya jana hapo? Kwa hiyo fedha ikija haraka na kwa mkupuo nayo inapandisha. Sisemi Mzee kakosea, nasema si dawa ya kila homa.

Lakini mama wa mchele ana nafuu moja. Mchele wake hauna VAT, saruji inayo, asilimia 18. Mimi nikishatoa mzigo na ankara, tarehe 20 ya mwezi unaofuata TRA, watoza kodi, wanataka VAT yao. Halmashauri haijanilipa hata senti, ila nimeshailipa Serikali kodi ya pesa ambayo Serikali hiyohiyo inaniambia niisubiri. Nikikosa, adhabu na riba vinahesabiwa vizuri sana, havisahauliki. Upande wa pili riba sijawahi kuiona. Hapo sijui Jicho Kavu anaona asilimia kumi ya nani.

Kasma Ndogo

Mimi ni mhasibu wa halmashauri, nitasema ninachoweza kusema. Watu wanadhani MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, ndiyo inachelewesha. Tangu tuhame EPICOR, mfumo wa zamani, malipo yenyewe ni ya haraka. Hati ikikamilika na fedha ikiwepo, mzabuni anaona meseji ya benki. Shida ni hapo kwenye "fedha ikiwepo".

Bajeti inapitishwa Juni, mwaka unaanza tarehe 1 Julai, na kwenye kasma, yaani kifungu cha bajeti, unaona namba nzuri. Hiyo ni ruhusa, siyo fedha. Fedha inashuka kwa mafungu, na mara nyingi pungufu. LPO, hati ya kuagizia mali, ukiitoa kwenye mfumo inafunga kiasi hicho kwenye kasma. Kasma isipokuwa na kitu mfumo unakataa. Ni nidhamu nzuri. Sasa mwalimu mkuu ana watoto 600 wa bweni na mfumo umekataa. Atafanya nini, awaambie wasubiri mgao? Anampigia MamaWaMchele, mchele unaingia stoo usiku, na mfumo haujui kitu. Deni lipo duniani, kwenye mfumo halipo.

Kwa hiyo mnapolaumu mfumo mjue umefanya kazi yake ya kuzuia. Wenye njaa ndio hawakuzuilika.

Mwalimu wa Gharama

Ninafundisha uhasibu wa gharama, nisaidie kidogo kwa Jicho Kavu, maana swali lake la "mbona hawashushi" ndilo zito kuliko yote humu.

Kwenye makala yao ya mwaka 1939, Hall na Hitch, wachumi wa Oxford, walieleza walivyowahoji wafanyabiashara 38 jinsi wanavyopanga bei. Nadharia ya uchumi ilitaka wafuate gharama ya kipande cha mwisho na mahitaji ya soko. Wengi walisema hapana: tunachukua gharama yote, tunaongeza faida iliyozoeleka, basi. Na bei ikishakaa hawaigusi ovyo, wanaogopa mwenzao atafanya nini. Kwetu kwenye biashara ndogo ni hivyo hivyo, na pungufu yake: wengi hawana hata daftari la gharama yote. Wanaangalia jirani anauzaje. MamaWaMchele kakiri mwenyewe, bei ya shule "anaitaja tu".

Sasa tazameni hatari yake. Kama nyongeza ya kungoja ingekuwa imepigwa hesabu, Serikali ikianza kulipa kwa siku 30 bei ingeshuka mwezi unaofuata. Lakini ikishakuwa mazoea, "bei ya shule" itabaki bei ya shule hata malipo yakiwa ya haraka. Ndiyo maana mwenye mtaji wake naye haishushi. Hana haja ya kuhesabu. Bei anaikuta pale. Siyo lazima kuwe na njama wala rushwa, ingawa vyote viwili vipo. Mzee, wewe unadhani bei inafuata gharama. Kwa wauzaji wengi inafuata kumbukumbu.

MtuWaNyali

Niwaletee ya huku Kenya, msidhani mko peke yenu. Sheria yetu tangu 2013 inatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, akina mama na walemavu. Nanyi mnayo kama hiyo. Vijana wakajiandikisha, wakapata tenda ya serikali, wakakopa, wakapeleka mali. Kisha wakajiunga na orodha ya wanaodai. Mwaka 2023 serikali ikaunda kamati nzima ya kukagua madeni hayo, lipi la kweli na lipi hewa. IFMIS, mfumo wetu wa fedha za serikali, tunayo tangu 2003, na Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe kila hela inayotoka mfuko mkuu. Ulinzi wa kutoka upo. Wa kulipa kwa wakati hakuna.

Kwangu dawa ni riba ya kisheria. India wana sheria ya 2006: ukinunua kwa biashara ndogo, mwisho siku 45, ukipitisha unalipa riba mara tatu ya kiwango cha benki kuu, tena ya kulimbikiza. Umoja wa Ulaya tangu 2011 walielekeza taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30. Ofisi ikijua kuchelewa kuna bei, itapanga foleni vizuri.

Mzee wa Leja

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Nakubali bei haitashuka yenyewe. Ila hiyo inaniongezea hoja: usipoiandika gharama ya kungoja popote, utajuaje ni kiasi gani cha bei ni mazoea na kiasi gani ni gharama halali? Jicho Kavu anauliza nani atazitenganisha. Tarehe ndiyo inayozitenganisha. Niwekee manunuzi ya mchele ya mkoa mzima, bei ya kilo upande mmoja, siku za kungoja upande wa pili. Aliyelipwa kwa wiki moja na bado kauza 2,860, huyo ndiye wa kuhojiwa, na aliyemsainia pia. Aliyengoja miezi minane na kauza 2,600, huyo anaifadhili Serikali kwa mtaji wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa.

MtuWaNyali, riba ya kisheria siiungi mkono kwa sasa. Ofisi isiyo na fedha ya mchele haina fedha ya riba. Itakuwa deni juu ya deni, na mzabuni mdogo atakayeidai hatapewa LPO nyingine. Nani kati yenu ataishitaki halmashauri anayoitegemea?

Ninachotaka ni rahisi. NeST inajua bei. MUSE inajua siku ya malipo. Yote miwili ni mifumo ya Serikali, na tangu tuanze safari ya IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa umma, za misingi ya stahili mwaka 2012/13, deni linatakiwa kuandikwa siku mali inapopokelewa, siyo siku hela inapotoka. CAG aweke safu ya siku mbele ya kila hoja ya bei.

Kasma Ndogo

Mzee, hiyo safu ukiijaza leo itakuonyesha Serikali inalipa ndani ya siku tano. Nitakwambia kwa nini. Fedha ikishuka ndipo LPO inatengenezwa kwenye mfumo, na mzabuni anaitwa alete ankara. Ankara ya tarehe 3 haiwezi kutangulia LPO ya tarehe 10. Kwa hiyo inaandikwa upya.

MamaWaMchele

Ndiyo hiyo! Mimi nikajua wamepoteza karatasi. Kila nikiitwa kulipwa naambiwa mama lete ankara mpya, andika tarehe ya mwezi huu, na risiti ya mashine utoe leo. Ya zamani naambiwa nichane.

Jicho Kavu

Usichane mama. Na bei kwenye hiyo mpya unaandika ya lini?

MamaWaMchele

Ya leo, kaka. Kwani mchele wa leo nitaununua kwa bei ya mwaka jana?

Chuma na Saruji

Hahaha. Kwa hiyo mkaguzi anakuta mchele "ulionunuliwa" Mei kwa bei ya Mei, wakati uliliwa Oktoba. Mzee, kazi unayo.

Mzee wa Leja

Basi tuachane na ankara. Kila stoo ya shule ina hati ya kupokelea mali na leja yake, na mtunza stoo anaandika siku gunia lilipoingia kwa sababu likipungua anadaiwa yeye. Kasma Ndogo, wakaguzi wa ndani wakija kwenu, hivyo vitabu vya stoo wanavifungua?

Kasma Ndogo

Wanavifungua kuhesabu magunia. Tarehe sijaona mtu akizinakili.