Nyumba iliyokarabatiwa Mji wa Kale, Mombasa: nikague nini kabla ya kutoa arubuni?

Mnunuzi: Assalaamu alaikum waungwana. Nimeonyeshwa nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, ambayo mwenyewe anasema ameikarabati yote na sasa anaiuza. Mlango wa nakshi umesafishwa, roshani ya mbao imepakwa rangi upya, na kuta zote ni nyeupe, laini, hazina hata ufa. Bei haiko mbali na ya nyumba mpya ya Nyali, na dalali ananihimiza nitoe arubuni mwezi huu huu. Nitajuaje kwamba ukarabati huu ni wa kweli wala si rangi tu, na nidai karatasi zipi?

Fundi chokaa: Wa alaikum salaam. Ndugu yangu, hizo kuta laini ndizo zinazonitia shaka kuliko yote uliyoyataja. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu wa ardhi na wa hewa ya bahari, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukifunikwa kwa saruji na rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi iliyomo ukutani huganda nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa lipu hubambuka mapande mapande, mara nyingine ikiondoka na uso wa jiwe lenyewe. Muombe mwenye nyumba ruhusa ukwangue kidogo mahali pasipoonekana, kama vile chini ya ngazi. Chokaa hukwanguka kwa kisu na kuacha unga mweupe. Saruji ni ya kijivu na hukishinda kisu.

Kisha tazama dari. Boriti za mikoko huanza kuoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, hasa chini ya bafu na pale paa linapovuja, kwa hiyo zigonge huko, si katikati. Ikiwa zimefichwa kwa dari mpya, omba kipande kimoja kifunguliwe, na akikataa umeshapata jibu. Jambo la mwisho ni upana wa vyumba. Boriti haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba. Ukikuta sebule pana ya kisasa, uliza ni ukuta gani ulioondolewa na ni kitu gani sasa kinachobeba ghorofa ya juu.

Mkaazi wa Kibokoni: Naafikiana na fundi, ila mimi ningeanza na ardhi kabla ya kisu. Hapa Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, akawa anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na nyumba ya namna hiyo huuzwa kihalali lakini haiwezi kuwa na bei ya Nyali. Nyingine ni wakfu, nazo haziuziki kama mali ya mtu binafsi. Hilo uliza kwa Makamishna wa Wakfu. Nyingine zina warithi kumi waliotawanyika kati ya hapa, Lamu na Maskati, na anayeuza ni mmoja wao tu, hivyo dai hati ya mirathi na saini za wote. Upekuzi wa ardhi, yaani kuangalia rekodi za umiliki, ufanywe na wakili wako mwenyewe, si wa dalali.

Vilevile Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi lililo chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006, na kubadilisha nyumba huhitaji idhini ya Makavazi pamoja na ya kaunti. Muulize muuzaji akuonyeshe idhini ya ukarabati huo na michoro iliyopitishwa. Kama hana, mabishano yoyote kuhusu roshani au ghorofa iliyoongezwa utayarithi wewe.

Mnunuzi: Ahsanteni sana. Sebule kweli ni pana mno, na juu yake kuna vyumba viwili vya kulala. Ikiwa ukuta uliondolewa, je, unaweza kurudishwa?

Fundi chokaa: Unaweza, kwa mawe na chokaa ile ile, lakini kwanza ghorofa ya juu itegemezwe kwa nguzo. Mlete mhandisi aliyezoea nyumba za mawe aikadirie gharama hiyo, na uikate kwenye bei kabla ya kutia saini popote.