Naomba ushauri: masomo ya kiangazi Marekani yanahesabiwa kuingia chuo kikuu?

MwalimuMbarara: Habari zenu wakubwa. Dada yangu alihamishwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kwenda California na watoto wake. Binti yake mkubwa amemaliza darasa la 11, anautaka Chuo Kikuu cha California (UC). Hesabu hazikwenda vizuri, anataka kuzirudia likizo hii ya kiangazi. Alama mpya itahesabiwa? Kiingereza kinamsumbua dada, kila karatasi ya shule ananitumia mimi. Usingizi sipati.

MzeeWalukuba: Pole Mwalimu. Kwetu hakuna hayo. Chuo Kikuu cha Makerere wanatazama matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda: Sinia Sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, A ni pointi 6, B 5, C 4, na somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara 3. Mwanangu alihudhuria koching, masomo ya ziada, Jinja kila likizo, hakuna aliyemuuliza. Wasichana huongezewa 1.5. Binti arudi achukue 1.5 zake!

DadaArua: Mzee, hajauliza Makerere. Mwalimu, UC huhesabu kuanzia kiangazi cha baada ya darasa la 9 hadi kile cha baada ya la 11. Kwa hiyo hiki ndicho cha mwisho kwake. Lakini alipata alama gani?

MwalimuMbarara: Ya chini. Mimi nauliza habari ya kiangazi tu.

DadaArua: Chini kiasi gani? Akirudia D au F akapata C kwenda juu, mpya inachukua nafasi. Lakini C ukiirudia, hata upate A, UC wanabaki na C yao.

MwalimuMbarara: Ni C, mihula yote miwili. Lakini jamani, C ni pointi 2 kati ya 4, na mkazi wa California anatakiwa wastani usiopungua 3.0. Tena kurudia kutamjenga, hesabu za mwakani ni ngumu zaidi. Na ada imeshalipwa, shule ya binafsi ya mtandaoni. Niliwaambia wawahi kwa sababu nafasi huisha.

MamaWatatu: Mwacheni mtoto apumzike! Sisi likizo tulikuwa shambani Masindi na mitihani tulipita. Alama ya kununua haina baraka.

KijanaKisenyi: Hii ni chai. Mkimbizi wa juzi analipia shule ya binafsi, wakati shule nyingi za serikali kule zina masomo ya kiangazi ya bure? Mwalimu ni wakala. Kesho ataleta linki.

MwalimuMbarara: Kijana, tuheshimiane. Jina la shule sijalitaja popote. Picha ya ripoti ninayo kwenye simu, imepigwa mezani, kona moja imezibwa na sahani. Historia A. Aljebra II: C, C. Chini mwalimu ameandika kwamba anachelewesha kazi za nyumbani. Anachelewesha kwa kuwa jioni analea wadogo zake, mama yuko zamu ya usiku. Mtoto wa namna hiyo nimwambie atulie tu?

MzeeWalukuba: Picha hata wajukuu zangu wanatengeneza. Kuna mtu alituchangisha ada humu humu, mtoto mwenyewe hakuwepo.

DadaArua: Nani ameombwa mchango hapa? Mwalimu, nisikilize. Badala ya kurudia, asome somo jipya lililo kwenye orodha ya a-g ya UC, yaani masomo ya sekondari ambayo UC inayakubali. Akipata A, pointi 4 zinaingia kwenye wastani wake. Likiwa somo la chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) linalokubalika kuhamishiwa UC, linaweza kuongezewa pointi moja. Na hiyo shule ya mtandaoni, masomo yake yamo kwenye orodha? Kama hayamo, hata A haitaingia.

MwalimuMbarara: Walituambia inatambulika. Kule sasa ni saa tisa usiku, dada yuko kazini. Akitoka nitamwambia aulize kama ada inaweza kuhamishiwa somo jingine. Ila aljebra bado nataka airudie.

KijanaKisenyi: Jina la shule, Mwalimu. Orodha iko wazi, tutaitafuta wenyewe.