Mjadala: Mgonjwa wa akili aanzishiwe dawa kituo cha afya, au asubiri rufaa?

Mwanzisha mada
Wadau, naongelea Tanzania Bara. Mtu akianza kusikia sauti na kukesha, ndugu humpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi. Akifika zahanati anaambiwa "hili la wilayani". Wilayani, kliniki ya akili mara nyingi ni siku moja kwa wiki. Ukifika Ijumaa na kliniki ilikuwa Alhamisi, unarudi naye nyumbani. Hali ikizidi, anaelekezwa Mirembe, Dodoma. Kwa familia ya Kigoma hiyo ni nauli ya watu watatu, maana aliyechachamaa hasafiri bila ndugu wawili wa kumshika, na hao wawili wanahitaji pa kulala. Wengine humfunga kamba wakisubiri kuuza mbuzi. Msimamo wangu: tabibu wa kituo cha afya aanzishe tiba siku hiyohiyo. Anayepinga aje na sababu.

Mfamasia
Naunga mkono, ila angalieni stoo kwanza. Maombi yanayokwenda Bohari ya Dawa, ghala la serikali la dawa, hukokotolewa kwa matumizi ya kipindi kilichopita. Kituo kisichotibu wagonjwa wa akili kina matumizi sifuri, kwa hiyo hakiombi kitu. Na kile kinachotibu, haloperidoli (dawa ya wanaosikia sauti) ikiisha katikati ya kipindi, wagonjwa wanaacha kuja, leja inaonyesha matumizi madogo, oda inayofuata inapungua tena. Dawa ya kuvunja mzunguko huo ni moja: anayejaza fomu ahesabu siku ambazo rafu ilikuwa tupu na kurekebisha matumizi.

Kuna kosa lingine linaloniuma zaidi. Haloperidoli inaagizwa peke yake, bila benzihekzoli, dawa ya kuzuia madhara yake ya misuli kukaza. Siku chache baadaye shingo inapinda, macho yanapanda juu, mate yanadondoka. Nyumbani wanasema hospitali inamuua mtu wetu, vidonge vinatupwa chooni, na kumrudisha mgonjwa huyo kliniki ni kazi ya miezi.

Sindano ya flufenazini nayo ni msaada mkubwa kwa anayesahau vidonge: miligramu 12.5 za majaribio, kisha kwa kawaida 25 kila baada ya wiki 4 hivi. Lakini ikikosekana mwezi mmoja, hakuna anayeona tofauti papo hapo kwa kuwa dawa inatoka mwilini polepole. Ugonjwa unarudi baadaye, na familia inasema amerogwa upya.

Muuguzi wa afya ya akili
Mimi napinga "siku hiyohiyo" kwa kila mtu. Aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu, ana joto, hajui yuko wapi, pima malaria na sukari, angalia kama shingo imekaza, uliza kuhusu pombe, VVU na kama amejifungua karibuni. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Ukimchoma haloperidoli akatulia, umenyamazisha dalili huku kinachomuua kikiendelea.

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, nayo ina yake. Dawa yake, amitriptilini, inaanzwa miligramu 25 usiku, ikipandishwa taratibu, na nafuu inakuja baada ya wiki 2 hadi 4. Mdomo mkavu na usingizi vinakuja siku ya kwanza. Asipoelezwa hivyo akiwa bado kwenye kiti, anaacha ndani ya wiki.

Na tafadhali, wapo wanaotaka mgonjwa apewe dawa za miezi mitatu ili kupunguza safari; hoja hiyo isipitishwe kijumlajumla. Kwa mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti) aliyetulia, sawa kabisa. Kwa aliyesema anataka kufa, amitriptilini nyingi kwa pamoja ni sumu ya moyo. Apewe ya wiki moja, ikae kwa ndugu. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ikiwepo, ni salama zaidi.

Afisa ustawi wa jamii
Mmesahau polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliyekunywa sumu ya mazao anafika mapokezi, anaulizwa PF3, fomu ya polisi. Ndugu wanaogopa, wanasema alidhani ni soda. Tumbo linatibiwa, kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa, kinaandikwa "sumu, bahati mbaya", anaruhusiwa, na aliyemuuliza kwa nini hayupo. Kenya walikuwa na kifungu kinachofanana, cha 226. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Hapa kwetu, hata kabla sheria haijaguswa, daktari anaweza kumtoa ndugu nje na kumuuliza mgonjwa peke yake. Dakika kumi hizo hazihitaji bajeti.

Mwanzisha mada
Muuguzi, nimekubali, narekebisha hoja: mwenye homa au aliyebadilika ghafla achunguzwe mwili kwanza, dawa ya akili baadaye. Mgonjwa wa zamani aliyerudiwa aanzishiwe palepale dozi iliyomfaa awali, kama kadi yake anayo. Lakini tabibu akikwama saa nane usiku, amuulize nani?

Muuguzi wa afya ya akili
Mratibu wa afya ya akili wa wilaya, kwa simu. Namba yake ibandikwe ukutani kwenye chumba cha daktari, na vocha itoke kwenye fedha za usimamizi shirikishi, yaani ziara za wilaya za kukagua na kuelekeza vituo, isitoke mfukoni mwa tabibu. Semina ya siku tano bila mtu wa kumpigia baadaye, tabibu anarudi kuandika rufaa.

Mfamasia
Na mratibu akija kukagua, afungue kabati kabla ya kusaini kitabu cha wageni. Haloperidoli, benzihekzoli, flufenazini, kabamazepini (dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia): aandike tarehe ambayo kila iliyokosekana iliisha kwenye rafu.