Camaro SS ya 1969: niifunge upya injini yake ya kiwandani au niweke mpya?

Pwani_Ohio (Columbus)
Wakuu, habari za kazi. Nimenunua Camaro SS ya 1969 (SS ni toleo la michezo la Chevrolet Camaro) iliyolala bandani kwa mzee mmoja huku. Injini ni ile V8 ya inchi za ujazo 350, yenye jina la kiwanda L48, iliyouzwa kwa nguvu za farasi 300. Inakunywa oili na silinda mbili kompresheni imekwisha. Lakini kwenye bloki nimekuta 19N na tarakimu sita zilezile za mwisho wa namba ya chasisi, yaani ndiyo injini iliyozaliwa na gari. Nifumue na kuifunga upya, niweke 350 mpya ya kreti (inayouzwa ikiwa imeshafungwa tayari) yenye waranti, au niingize LS3, V8 ya kisasa ya Chevrolet yenye farasi 430? Gari nataka kuliendesha, ila sitaki lipoteze thamani.

FundiKirinyaga (Nairobi)
Boss, kwa nini uteseke? Huku injini ikichoka tunachukua ya mtumba kutoka Japani, tunabadilisha namba kwenye logbook na mambo yanaendelea. Chuma ni chuma. Weka LS3 ule raha.

Chevy_Dada (Houston)
Kaka Fundi, huko nyumbani uko sahihi. Lakini hapa Marekani gari la zamani linapimwa kwa mizani nyingine. Namba ya chasisi ya Camaro ya 1969 inakwambia tu kwamba lilitoka na V8. Haisemi SS. Na kibati cha maelezo ya bodi, kile cha mbele ya kioo, si kila mara kinathibitisha SS. Kwa hiyo herufi mbili za mwisho kwenye mhuri wa injini (zinazotaja aina ya injini), pamoja na ile namba ya chasisi, ni miongoni mwa ushahidi mchache uliobaki kwamba gari halikutoka kiwandani likiwa la kawaida kisha likabandikwa nembo za SS. Ukiitupa hiyo bloki umetupa hati ya kuzaliwa.

Mhuri upo mbele upande wa abiria, mbele kidogo ya silinda hedi. V ni kiwanda cha Flint, zinafuata mwezi na siku, halafu zile herufi mbili. Namba ya chasisi huwa hapohapo, au karibu na filta ya oili. Pwani, yako iko wapi?

Pwani_Ohio
Karibu na filta, dada. Kule mbele kuna mhuri wa V lakini kutu imekaa, sijasugua.

Chevy_Dada
Usisugue kwa msasa! Tumia kitambaa na mafuta ya kulegeza kutu, taratibu. Mnunuzi anayejua haangalii namba peke yake. Anatazama ile michirizi midogo ya mashine ya kiwandani inayokwenda mbele hadi nyuma. Ikifutika, hata namba halali inashukiwa kuwa imegongwa juzi gereji.

MkerezaVyuma (Minneapolis)
Hapa ndipo watu wengi wanalia. Mimi nafanya kazi karakana ya kuchonga injini. Ukileta bloki bila kusema kitu, fundi ataskimu (atakwangua kwa mashine) uso wa juu ili hedi ikae sawa, na kile kisehemu chenye mhuri kiko usawa uleule. Pasi moja tu ya mashine na namba imeondoka, wala hairudi. Kwa hiyo andika kwenye oda, na ubandike karatasi juu ya bloki: USIGUSE MHURI. Kama uso umepinda kweli, mashine inaweza kuzuiwa isifike pale mbele, au uachwe ulivyo ukibaki ndani ya vipimo.

Silinda zichongwe ovasaizi 30, yaani zipanuliwe kwa elfu 30 za inchi. Inakuwa 355 badala ya 350, hakuna atakayeona kwa nje na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelalamika. Ikiwa silinda moja imeliwa kupita kiasi, iwekwe slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani yake. Kwa bloki ya kawaida singeshauri gharama hiyo, kwa hii ningeshauri. Hedi zitiwe siti ngumu za valvu za egzosti, kwa sababu petroli ya sasa haina risasi.

Bonde_la_Ufa (Dallas)
Napinga kidogo. L48 si ZL1, ile injini adimu ya alumini, jamani. Camaro za ZL1 zilikuwa 69 tu, mtu anaelewa ukizilinda kwa bunduki. SS 350 zilitengenezwa nyingi. Mwenye gari amesema anataka kuendesha. Weka ya kreti, ile orijino ipake mafuta, ifunike, iweke kwenye stendi kona ya gereji. Siku ya kuuza inaondoka na gari. Umeendesha bila hofu ya kutoboa bloki isiyo na mbadala.

Chevy_Dada
Hiyo naikubali kwa sharti moja: asikate kitu. LS3 inadai pampu ya mafuta ya presha kubwa, nyaya na kompyuta, na watu hutoboa matundu njiani. Kreti ya 350 inakaa kwenye mashikio yaleyale. Ila injini mezani na injini ndani ya gari haziuziki sawa. Mnunuzi akiisikia ikinguruma hupunjwi bei.

Tanga_DMV (Maryland)
Na bloki ya kutafuta, yenye namba ya kalibu (iliyotokea wakati bloki inasubiwa) na tarehe zinazoendana na gari, ina maana?

MkerezaVyuma
Ina maana kwa aliyepoteza yake. Tarehe ya kalibu inaanza na herufi ya mwezi, A ni Januari, na lazima itangulie siku gari lilipounganishwa. Ni bora kuliko bloki yoyote tu, lakini haifikii ile ya kuzaliwa nayo. Muuzaji akisema wazi, safi. Akiigonga namba upya, huo ni wizi. Ukikuta mhuri umeanza na CE, usiogope: hiyo ilitolewa na Chevrolet yenyewe kubadilisha iliyokufa ndani ya waranti.

FundiKirinyaga
Sawa, nimeshika adabu 😂. Lakini mkimaliza kufunga, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya aina ile ya zamani inataka oili yenye zinki, na injini ikiwaka mara ya kwanza isiachwe ingurume polepole bila kukanyagwa. Shikilia kama mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, la sivyo itakula tapeti.

Pwani_Ohio
Nimeelewa. Naifumua. Mkereza, nitumie inbox maneno kamili ya kuandika kwenye oda, Jumatatu nampelekea fundi bloki.