Nyota tano za mfumo wa serikali ni za nani?

Binti_Mbagala:
Wakuu habari, na wakubwa zangu shikamooni. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu huduma za serikali mtandaoni hapa Dar, nimekwama kwenye upimaji. Msimamizi amenielekeza modeli ya DeLone na McLean ya kupima mafanikio ya mfumo wa taarifa, ile ya 1992 waliyoihuisha 2003: ubora wa mfumo, wa taarifa na wa huduma, matumizi, kuridhika kwa mtumiaji, halafu manufaa. Dodoso limeshakamilika, nilitaka nilisambaze kwa linki.

Wiki iliyopita nikashinda kwenye steshenari moja Rangi Tatu. Mnamo saa tano akaingia mama na bahasha ya kaki, anataka kumwombea mwanawe cheti. Kijana wa steshenari akamfungulia akaunti kwa barua pepe yake yeye kijana, nenosiri akaliandika nyuma ya bahasha. Akapakia picha ya fomu, mfumo ukakataa, faili kubwa. Akalipunguza, likakataa. Mara ya tatu likapita. Muda wote huo mama yuko kwenye benchi anajipepea na bahasha ile ile. Mwisho kikatokea kidirisha: umeridhika na huduma? Kijana akabonyeza nyota tano ili kiondoke. Mama akatoa elfu tano, akaenda zake.

Hizo nyota ni za nani? Nikituma linki, si nitajibiwa na kijana yule yule mara arobaini?

Mdau_Sinza:
Dada, dodoso usilitupe, ila usilitume. Nenda nalo kwa watu. Mimi napima mifumo kazini, na tunatumia SUS, maswali kumi ya John Brooke ya tangu 1986 yanayopima urahisi wa kutumia mfumo. Alama ni 0 hadi 100, lakini si asilimia. Wastani wa tafiti nyingi ni kama 68, kwa hiyo mfumo wenye 60 uko chini ya wastani. Mpe mama simu, mwambie aombe cheti mwenyewe, wewe kaa pembeni unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Andika alipokwama na dakika alizotumia, ndipo umuulize yale kumi.

Mzee_wa_Takwimu:
Binti, umeona jambo ambalo vipimo vikubwa havilioni. Umoja wa Mataifa hutoa ripoti ya serikali mtandao kila baada ya miaka miwili. Kipimo chake cha jumla, EGDI, ni wastani wa vitu vitatu: huduma za mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na rasilimali watu. Mwaka 2024 Denmaki ilishika nafasi ya kwanza. Kwenye huduma, watathmini wanaingia kwenye tovuti za nchi na kukagua kama huduma ipo. Ni kazi nzuri ya kulinganisha nchi na nchi, lakini mama wa bahasha hayumo.

Uingereza waliweka vipimo vinne kwa kila huduma: gharama ya muamala mmoja, kuridhika, idadi ya wanaotumia njia ya mtandao, na wangapi walioanza wakamaliza. Hicho cha mwisho ndicho chako. Omba taasisi ikupe kumbukumbu za mfumo, bila majina, uone watu wanaachia ukurasa gani. Ukikuta barua pepe moja ina maombi mengi, hiyo ni steshenari, itenge. Na gharama usihesabu ya serikali peke yake. Elfu tano ile, nauli ya daladala na asubuhi nzima ya biashara iliyolala ni gharama ya huduma hiyo hiyo.

Mdau_Sinza:
Naongezea: nenosiri la mtu liko nyuma ya bahasha na akaunti iko kwa mtu baki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Omba ridhaa ya mama, si ya kijana tu.

Binti_Mbagala:
Nashukuru kwa darasa hili, Mdau, na mzee wangu asante sana. Nimeongea na msimamizi leo, amekubali niwe na makundi mawili: waliojaza wenyewe na waliojaziwa. Barua ya chuo ninayo, Jumatatu naipeleka kwa katibu tawala wa wilaya. Kijana wa steshenari ameniahidi kiti karibu na mlango, ili nizungumze na watu kabla hawajafika mezani kwake.